Amplifaya ya Matundu Manne

Mwanangu Otilia,

Utacheka, najua. Wewe uko chumba cha pili unabishana na mama yako juu ya blanketi, nami nimekaa hapa mezani nakuandikia barua kana kwamba umekwishafika Mbeya. Ukuta unaotutenganisha ni mwembamba, nikikohoa unaniuliza kama nina mafua. Lakini unanijua. Maneno ya maana yakinifika mdomoni hugeuka kuwa swali la kama umekula. Kwenye karatasi angalau nimejizuia, ingawa hata sasa nataka kukuuliza.

Mambo ya blanketi, ya dagaa ambao mama yako hataki kuwaita jina lingine ila usipa, ya kutokubali chai ya mtu usiyemjua stendi ya Makambako, yote hayo ameyashika mama yako na simwingilii. Mimi nataka kukujibu lile la leo mchana.

Uliniambia kwa heshima zote, umekunja mikono kama uko mbele ya padri, “Baba, naomba niende Mbeya peke yangu. Usinisindikize.” Nikakujibu ngoja kwanza nikaangalie kahawa iliyoanikwa. Kahawa ilikuwa imeanuliwa tangu asubuhi, na wewe ndiye uliyeianua. Nikasimama uani muda mrefu nikiangalia jamvi tupu. Uliniona kupitia dirishani, ukashusha pazia, na kwa hilo nakushukuru.

Unajua nilivyokuwa nimejipanga. Ningepanda basi nawe, ningezungumza na kiongozi wa bendi hiyo inayotafuta mpiga solo, mtu mzima kwa mtu mzima, ningemweleza tabia za amplifaya yetu hii, na Jumamosi watakapokujaribu ningekaa pembeni ya amplifaya nikuwekee vitufe sawa. Maana wamesema wazi: ukumbi ukikusikia na kukupenda, kazi ya solo ni yako. Usiposikika, unarudi Mbinga. Niliona baba hawezi kuacha jambo kama hilo liende hivi hivi. Ili nikujibu vizuri inabidi nianzie mbali kidogo, basi nivumilie.

Kabla hujazaliwa, ushirika wetu wa kahawa ulikuwa na bendi yake, nami nilipiga gitaa la ridhimu. Vyombo vilikuwa vya ushirika, sare zilikuwa za ushirika, hata nyimbo nyingi zilihimiza watu wachume kahawa iliyoiva tu. Amplifaya ilikuwa moja, hii hii unayoijua, kubwa kama kabati la vyombo, yenye valvu ndani, zile taa za kioo ambazo ulipokuwa mdogo ulizipa majina ya watakatifu. Mbele ina matundu manne ya kuchomeka waya. Kamati ya bendi ikakaa, ikajadili, ikaamua: tundu la kwanza la solo, la pili la ridhimu, la tatu la besi, la nne la kipaza sauti. Kila mpigaji ana haki yake. Kuacha tundu wazi kulihesabiwa kuwa ni kuchezea mali ya wanachama, na mwenyekiti alikuwa akipita kabla ya dansi kuhakikisha yote yamejaa.

Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama amplifaya inaweza kutubeba wote. Ilikuwa na matundu manne, basi ilikuwa ya watu wanne. Besi ikigonga, sauti ya mwimbaji ilitetemeka kana kwamba anaimba juu ya baiskeli kwenye barabara ya Kigonsera. Kila mtu alipoona hasikiki alipandisha kitufe chake, mwenzake naye akapandisha, na chombo kilipoanza kukoroma tuliambiana kwamba huo ndio mtindo wa kisasa. Tulikuwa na furaha sana, nisikudanganye. Ila kwa miaka yote ile sikuwahi kulisikia gitaa langu mwenyewe. Nilikuwa naangalia vidole vyangu vikienda, nikaamini linalia.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikafungulia biashara. Maduka ya Mbinga yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa redio kaseti, mitumba na sabuni za kila rangi. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao mpaka Mkumbi kutafuta kahawa, ushirika ukapwaya, na kitu cha kwanza kusahauliwa kikawa bendi. Tuliambiwa kila mmoja achukue anachokiweza. Wenzangu walikimbilia magitaa. Amplifaya haikuwa na mwenyewe, kwa sababu kuibeba kunataka wanaume wawili na mmoja wao awe na hasira. Nikaichukua mimi.

Bwana Athumani wa duka la redio, yule ambaye babu yake alikuja huku na biashara ya nguo kutoka Kilwa, alinihurumia. Alinionyesha mashine mpya, nyepesi, isiyo na valvu hata moja, imebandikwa karatasi yenye wati za kutosha kuwasha mji wa Songea. Tukaiwasha pale dukani. Ilitoa sauti ya mbu. Athumani mwenyewe alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa, akasema, “Haya, beba kabati lako.” Siku ile nilijifunza kwamba namba iliyobandikwa kwa nje haisikiwi na mtu. Kumbe bado nilikuwa na mengi ya kujifunza.

Wewe ndiye uliyeuchukulia muziki kwa uzito. Ulipomaliza shule vidole vyako vilikuwa na sugu kuliko vyangu. Nikafufua bendi yetu ndogo: Longino kwenye besi, binamu yako akiimba, mimi na ridhimu yangu, wewe na solo. Hapakuwa tena na kamati wala mwenyekiti wa kukagua, lakini unakumbuka tulifanya nini. Tulijaza matundu yote manne. Na amplifaya ilipokoroma nilikugeukia wewe na kukuambia, “Punguza, Otilia.” Kila siku ilikuwa punguza. Nilidhani unachapa nyuzi kwa nguvu mno, na wewe ulipunguza kwa adabu mpaka ukawa husikiki kabisa.

Basi ikaja harusi ya Ngumbo, mwaka jana. Nakusimulia ingawa ulikuwepo, kwa sababu ulikuwa mbele ukipiga, na mimi nilikuwa mahali ambapo hukuweza kuniona vizuri.

Mjomba wako Aidan alikuwa anamwoza binti yake, akatuita wa milimani tuje na bendi. Kwake harusi ni ya kujibizana. Wenyeji wanacheza ngoma yao ya mganda, wageni wanajibu kwa muziki wao, zamu kwa zamu. Upande ambao jibu lake halikusikika hukaa chini na kula tu mpaka harusi iishe, na watoto wanaruhusiwa kuucheka. Mama yako alinionya tukiwa bado kwenye lori, tukishuka mabonde kuelekea ziwani. Alisema tangu aolewe na Mmatengo ndugu zake humtania kwamba amekwenda mahali ambapo muziki pekee ni wa jembe likichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia, na safari hii hataki kukaa chini. Alisema huku anacheka, lakini nilimwona alivyoshika ubao wa lori.

Siku ya kuwasili tulikaa chini. Mganda ulianza, ngoma kubwa zikagonga, vibuyu vikavuma, wanaume wa mashati meupe wakaja kwa mstari, Aidan mbele na filimbi yake mdomoni. Tukajibu. Niliona kinywa cha binamu yako kinafunguka na kufungwa. Nikapandisha kila kitufe mpaka mwisho, na kilichotoka kilikuwa mkoromo mzito usio na wimbo ndani yake. Tulikuwa na kelele, lakini hatusikiki. Sikujua kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Aidan akaja taratibu, akainama mbele ya amplifaya, akaitegea sikio, kisha akasema watu wote wasikie, “Shemeji, kabati lako limelala. Au safari imelichosha?” Watu wakafa kwa kicheko, hata mama yako, ambaye hakutaka. Kwa utu wake Aidan alisema tutapewa zamu moja zaidi kesho yake, tukitoka kanisani. Moja tu.

Asubuhi ile nilifanya kazi kama fundi mwenye deni na Mungu. Jenereta ya Athumani, ambaye alikuja na bidhaa zake kama kawaida yake panapokuwa na watu, tulikuwa tumeiweka mbali ili isitupigie kelele, na umeme ulikuwa ukisafiri kwenye waya mrefu mwembamba mpaka unatufikia umechoka. Valvu zikinyimwa umeme hukoroma mapema. Tukaisogeza, tukaificha nyuma ya ukuta, tukaweka waya mfupi na mnene. Amplifaya yenyewe ilikuwa imekaa kwenye mchanga ikiwaimbia watu magotini, nikaipandisha juu ya meza na kuiinua uso ielekee masikio. Athumani alikuwa na spika kubwa iliyobaki bila redio yake. Tukaifunga kwenye sanduku la mbao na kuichomeka nyuma, kwenye lile tundu la spika ya pili, nikakumbuka kugeuza swichi ya mzigo, ile ya kuiambia amplifaya ina spika ngapi, ili transfoma isiungue. Spika mbili husukuma hewa zaidi kwa nguvu ile ile, na kwa masikio yangu ilikuwa tofauti kubwa kuliko wati zozote za kubandikwa.

Kisha nikafanya jambo ambalo Athumani aliliona ni wazimu. Nilichomoa ile valvu ndogo ya kwanza, ambayo hupokea sauti ya gitaa mlangoni, nikaweka nyingine ya umbo lile lile lakini isiyokuza sana, niliyoitoa kwenye redio mbovu. Athumani akaniuliza nani hutafuta sauti kubwa kwa kuweka kitu dhaifu. Nikamweleza: ya kwanza ikikuza kupita kiasi, sauti inafika kwenye valvu kubwa za nyuma ikiwa tayari imeshapasuka, na kazi yao inakuwa kukuza mpasuko. Ikipokea kwa upole, zile kubwa zinabaki na nafasi ya kufanya kazi yao. Besi nayo nikaipunguza kwenye kitufe, maana ndiyo inayokula nguvu nyingi. Nilijisikia fundi kweli kweli.

Tukajaribu. Ilikuwa afadhali sana. Lakini tulipoingia wote, mkoromo ukarudi, mdogo lakini ule ule. Nikakugeukia na neno langu liko tayari mdomoni, na wewe ukaniwahi.

“Baba, chomoa.”

Nikakuuliza nichomoe nini. Ukasema, “Besi. Na kipaza sauti.” Kisha ukaangalia chini, ukasema polepole, “Na waya wako.”

Otilia, niliudhika, mwanangu. Sikuonyesha, au labda nilionyesha. Nilitaka kukuambia habari za kamati, kwamba lile tundu ni langu tangu hujazaliwa. Longino hakuwa na shida hata kidogo. Alichomoa besi yake, akasema alifundishwa ngoma tangu shuleni Kigonsera na siku nyingi alikuwa anatamani kuipiga, akaenda kwa watu wa mganda kuazima moja nao wakampa. Binamu yako akaacha kipaza sauti, akaenda kusimama katikati ya akina mama wa kwaya, akaimba kwa koo lake kama Mungu alivyomwumba. Nikabaki mimi na waya wangu. Nilitafuta sababu ya kuuacha na sikuipata yoyote ambayo ningeweza kuisema mbele za watu. Nikauchomoa.

Yaliyofuata wewe uliyasikia kutoka mbele. Mimi niliyasikia kutoka katikati ya watu, kwa sababu sikuwa na kazi. Watu wa mganda walicheza zamu yao vizuri kuliko jana yake, wakamaliza, Aidan akatuelekeza mkono kwa madaha kama anayemkaribisha mgeni kula makombo. Ukapiga uzi wa kwanza. Sauti ilikuwa kubwa na ilikuwa safi, kila uzi peke yake, ikapita juu ya ngoma ya Longino na juu ya jenereta, ikafika mpaka kwa wale waliokuwa wanapara samaki kule majini, nikawaona wanasimama na visu mikononi. Nikaangalia kitufe cha sauti. Kilikuwa katikati tu. Nusu nzima ilikuwa imebaki haijaguswa.

Na ulipofika pale pa kupanda, ukachapa nyuzi kwa nguvu zako zote, zile nilizokuwa nikikukataza. Nilikunja uso nikisubiri mkoromo. Haukuja. Ile nusu isiyoguswa ilikupokea, sauti ikakua badala ya kupasuka. Nilielewa pale pale kwamba hukuwa umezidisha hata siku moja. Ulikuwa unapiga sawasawa kwenye chombo ambacho sisi wengine tulikuwa tumekijaza mpaka shingoni.

Aidan alipuliza filimbi, nikadhani anatusimamisha. Alikuwa anageuza mstari wake. Wale wanaume wa mashati meupe wakaja wote kucheza gitaa lako, bibi harusi nyuma yao na kitambaa kichwani, vigelegele mpaka masikio yanauma, na habari ya zamu ikafia hapo. Mama yako akanishika mkono. Tangu tuoane hatukuwa tumewahi kucheza pamoja hadharani, kwa sababu kila penye muziki mimi nilikuwa nimefungwa na waya. Akaniangalia miguu, akaniambia, “Kumbe unajua.” Tulicheza mpaka viatu vyangu vya kanisani vikajaa mchanga. Nimekuwa mwanamuziki karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na siku niliyofurahia muziki kuliko zote ni ile ambayo sikupiga.

Leo nilipokuwa uani mbele ya jamvi lile tupu, nilijikuta nina hasira ile ile ya asubuhi ya Ngumbo, nikiwa bado sijachomoa. Nikajiuliza ningekwenda Mbeya kufanya nini. Kiongozi wa bendi angekuuliza swali na mimi ningejibu. Ungeweka kitufe mahali pake na mimi ningekisogeza kidogo. Ukumbi ungekuwa unajaribu kukusikia wewe, na pembeni yako yupo mzee wa Mbinga anayetoa jasho na kunong'ona punguza. Ningekuwa nimekuja kwa upendo mtupu, na ningekula nafasi yako yote.

Sikuambii kwamba usiogope. Mimi naogopa kwa niaba yetu sote wawili na bado inabaki hofu ya kuwagawia majirani. Ila siku hiyo ya Jumamosi watu wa bendi watakuona mgeni, watasema wana waya wao na tundu moja lililo wazi kwenye amplifaya yao, jibanze humo. Wanaweza kusema kwa wema kabisa. Waambie asante, una yako. Iinue juu ya kiti, besi chini kidogo, anza na kitufe chini ya katikati, na usikipandishe kwa sababu tu mwenzako kapandisha chake. Ukumbi ukiwa na kelele usishindane nao kwenye wimbo wa kwanza. Wape muda wa kukutafuta. Na ukiona sasa ni wakati, chapa. Usinisikie mimi kichwani mwako. Kama utanisikia, na nadhani utanisikia, basi jua kwamba mzee huyo anazungumza juu ya chombo kingine, cha zamani, kilichokuwa kimejaa.

Nilisema maagizo nimemwachia mama yako, angalia sasa. Hili moja na namaliza: usiiwashe kamwe bila spika kuchomekwa, na usiingize mkono ndani hata kama imezimwa, maana umeme hubaki umejificha humo. Mkono wangu wa kulia unakumbuka, na mama yako anakumbuka neno nililolitamka mbele ya katekista.

Furaha niliyo nayo kwa ajili yako haienei kifuani mwangu, Otilia. Nimejaribu kuiandika kwa utulivu ili usione aibu ukiisoma. Binti yangu anakwenda kupiga solo Mbeya. Nimeisema sentensi hiyo kwa sauti mara kadhaa hapa mezani na mama yako ameniuliza naongea na nani.

Barua hii nitakupa asubuhi kabla ya chai, ili tukitoka nyumbani uwe umeshanijibu kwa uso wako na tusihitaji kulizungumza stendi mbele ya watu. Mimi na Longino tutaibeba amplifaya. Nitapanda mwenyewe juu ya basi, niilaze kwenye godoro, niifunge kamba vizuri kila upande mpaka niridhike. Utingo atanipigia kelele kwamba wanachelewa.

Kisha nitashuka.

Baba yako